Nataka kumaliza mkopo wa nyumba mapema, lakini nyumbani raha imetoweka

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma majibu yako kwa wengine kwa muda mrefu, na leo naomba unisikilize na mimi. Nina miaka 43, nimeajiriwa, nina mume na binti mmoja wa miaka 13. Mume wangu amejiajiri, anachora ramani za majengo. Kuna mwezi anaingiza pesa kunizidi, halafu miezi miwili inapita anahangaika na wateja wasiolipa. Ndiyo maana mkopo wa nyumba ulichukuliwa kwa jina langu na unakatwa kwenye mshahara wangu. Ni mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, na mkataba unairuhusu benki kuibadilisha riba hiyo. Tumelipa miaka 6 bila kuruka mwezi hata mmoja.

Kilichonivuruga ni taarifa ya mkopo. Tulipotimiza hiyo miaka 6 nilikwenda benki kuichukua, nikitegemea kuona tumeshamaliza karibu theluthi ya deni. Nikakuta bado tunadaiwa asilimia 89 ya kile tulichokopa. Nikamwuliza afisa mikopo kama hapajatokea kosa. Akageuza kompyuta yake upande wangu, akaweka kidole kwenye safu mbili za tarakimu, moja ya riba na nyingine ya deni lenyewe, akateremsha ukurasa taratibu ili nijionee. Riba ilikuwa imekula karibu kila rejesho, na deni lenyewe likipungua kwa vijisenti. Nilitoka pale miguu mizito.

Siku hiyo hiyo nikaapa kwamba mkopo huu hautafika miaka 20. Tangu hapo, kila mwezi naongeza robo juu ya rejesho la kawaida. Pesa hiyo nimeipata kwa kubana kila mahali panapobanika. Nimesimamisha mchango wa hiari wa uzeeni niliokuwa nakatwa kazini, ule ambao mwajiri naye huongeza kiasi kile kile ninachoweka. Jumamosi na Jumapili naandika hesabu za biashara mbili za watu. Nimeacha kutembea jioni na wenzangu, maana jioni ndiyo namalizia hizo hesabu. Ndani ya mlango wa kabati la nguo nimebandika karatasi yenye miezi yote iliyobaki, na kila mwisho wa mwezi nakata mmoja kwa kalamu nyekundu. Mwanzoni nilikuwa nikikata najisikia mwepesi kabisa.

Sasa naona mambo yanalegea. Jino langu la juu limepasuka, natafuna upande mmoja, na sijaenda kliniki kwa sababu kila nikiwaza gharama yake naibadilisha kuwa miezi ya mkopo. Naamka saa tisa usiku, nachukua simu, nafungua kikokotoo, napiga hesabu zile zile za jana. Majuzi binti yangu alianza kuniambia habari za safari ya shule, nikamwambia haiwezekani kabla hajataja hata bei. Akasema sawa, akaondoka. Siku hizi haniombi kitu tena, anamwomba baba yake kwa sauti ya chini.

Mume wangu aliniunga mkono mwanzo. Wiki iliyopita akaniambia, "Nyumba tunayo, ila hatuishi." Tukagombana vibaya. Chanzo ni malimbikizo ya mshahara nitakayolipwa mwezi ujao, kiasi kinachokaribia marejesho matano ya mwezi. Mimi nataka yote yaende kwenye mkopo. Yeye anataka tuweke akiba, maana akiba yetu ni sifuri, na sehemu kidogo itumike tupumzike kama familia. Nikamjibu kwamba anaongea hivyo kwa sababu deni si lake. Nilimwona uso ulivyobadilika.

Shangazi, nilipokuwa na umri wa binti yangu tuliondolewa kwenye nyumba ya kupanga kwa ghafla. Nakumbuka mama akifunga sufuria ndani ya shuka na mwenye nyumba amesimama mlangoni anatazama saa. Nilijiapiza mtoto wangu hataliona hilo. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa, na mimi ndiyo dawa ninayoijua. Lakini sina uhakika tena kama ninachofanya kinatujenga au kinatubomoa. Nikipunguza nyongeza, si nitakuwa nimejirudisha mwenyewe kwenye miaka 14 ya riba? Na nikiendelea hivi, nitafika na nani?

Mwanao,
Mkata Miezi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu, na hongera pia. Kulipa miaka 6 bila kuruka rejesho, katika nyumba ambayo kipato kimoja kinakuja na kupotea, ni kazi kubwa, na sijaona mahali popote katika barua yako ulipojipa sifa hiyo.

Kama nimekuelewa, umeniuliza maswali mawili yaliyofungana. Moja ni la hesabu: malimbikizo yaende wapi, na ile robo ya kila mwezi iendelee au ipungue. La pili umeliweka mwisho kabisa, utafika na nani. Nadhani hilo la pili ndilo linalokuamsha saa tisa, na kikokotoo hakina jibu lake. Hata hivyo nitaanza na hesabu, kwa sababu imekutisha kuliko inavyostahili, na mtu aliyetishika hawezi kuzungumza vizuri na mumewe.

Katika mkopo wa aina yenu, riba hupigwa kila mwezi juu ya deni lililobaki. Asilimia 12 kwa mwaka ni asilimia 1 kwa mwezi. Chukua kila 1,000 mliyokopa: rejesho la mwezi kwa miaka 20 ni kama 11. Mwezi wa kwanza riba ya hiyo 1,000 ni 10, kwa hiyo kilichopunguza deni ni 1 na chenji kidogo. Mwezi unaofuata deni limeshuka kiduchu, riba nayo kiduchu, na sehemu inayokwenda kwenye deni imenenepa kiduchu. Hata leo, baada ya miaka 6, karibu asilimia 81 ya rejesho lako ni riba. Deni linapungua taratibu mno mwanzoni, halafu miaka ya mwisho linashuka kwa kasi. Asilimia 89 uliyoikuta ndiyo anayoikuta kila aliyelipa mkopo wa namna hii kwa wakati. Mko pale pale mkataba ulipowataka muwe. Laiti mtu angewaonyesha zile safu mbili siku ya kusaini, usingetoka benki na miguu mizito.

Na hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoipa nguvu nyongeza yako. Kila unachoongeza, kikienda moja kwa moja kwenye deni, benki haitakitoza riba tena. Kwa rejesho la kawaida mlikuwa mmebakiza miaka 14. Kwa nyongeza ya robo, mkiishikilia bila kukatika na riba isipande, mnamaliza kabla ya miaka 9 kutimia. Umefuta miaka 5 na zaidi. Kwa hiyo sitakubaliana na yeyote atakayekwambia kwamba ulichofanya ni ushupavu wa bure.

Lakini yapo mambo umeyaandika kana kwamba hayana mjadala, nami naomba tuyajadili.

Barua yako ina njia mbili tu, robo au hakuna. Kati yake pana nafasi kubwa. Ukiongeza sehemu ya kumi ya rejesho badala ya robo, mkopo unakwisha baada ya takriban miaka 11 na miezi 3. Yaani kushuka kutoka robo hadi sehemu ya kumi kunakuchelewesha kama miaka miwili na nusu. Na ukisimamisha nyongeza kabisa kwa mwaka mmoja, kisha ukarudi kwenye robo, unachelewa takriban miezi 7. Hizi ni hesabu za riba ya asilimia 12 isiyobadilika, mwombe afisa mikopo akupe tarakimu zenu halisi. Miezi 7 ina gharama yake na sitaki kuipuuza. Naitaja kwa sababu woga wako unakwambia kwamba ukilegeza kidogo tu unarudi kwenye miaka 14 yote, na hilo si kweli.

Jambo lingine ni kwamba umechukulia kupunguza deni na kuwa salama kuwa kitu kimoja. Vinakaribiana, lakini vina tofauti inayoweza kuumiza. Pesa ikishaingia kwenye mkopo wa nyumba, kwa mikataba mingi haitoki tena kirahisi. Kuirudisha mkononi ni kuuza nyumba au kukopa upya, na benki hukopesha kwa moyo mweupe mtu mwenye mshahara. Aliyepoteza kazi au aliyelazwa hukutana na maswali mengine. Mwezi ukiharibika, benki itadai rejesho la mwezi huo, na mara nyingi haitajali kwamba mwaka uliopita uliongeza. Yule mtoto aliyemwona mama yake akifunga sufuria alitaka jambo moja, wasitolewe ndani. Familia yenye mkopo hutolewa ndani inaposhindwa kulipa miezi mfululizo, na kinachoikinga katika miezi hiyo ni pesa iliyo karibu. Leo hamna hata kidogo ya kushika. Mume wako aliliona hilo. Huenda wakati mnagombana hukusikia kwamba anailinda nyumba ile ile unayoilinda wewe.

Kuna na riba inayoweza kubadilika. Ikipanda kutoka asilimia 12 hadi 14 leo, na muda ukabaki ule ule, rejesho lako litaongezeka kwa takriban sehemu ya kumi. Kwa mtu anayeongeza robo hilo linabebeka, utapunguza nyongeza na maisha yataendelea. Kwa mtu ambaye robo hiyo ameipata kwa kufanya kazi siku saba kwa wiki, sina uhakika.

Nije kwenye ule mchango wa uzeeni, nikaupitia polepole kwa sababu umeutaja kwa sentensi moja na kupita. Unapolipa mkopo mapema, faida yako ni ile riba ya asilimia 12 kwa mwaka unayoikwepa. Ni faida nzuri, na ya uhakika. Lakini ule mchango, mwajiri akiongeza kiasi sawa na chako, unakuwa maradufu siku ile ile unapoingia, kabla haujawekezwa popote. Kila mwezi ulioacha kuchangia, sehemu ya ujira wako imebaki kwa mwajiri. Kwa upande mwingine pesa hiyo imefungwa hadi utakapostaafu, haitibu jino wala hailipi rejesho la mwezi mbaya, na kila mfuko una kanuni zake. Ulizia kazini: ukitaka kurudi, unapokewa mara moja au unasubiri? Unaweza kurudi kwa nusu ya kiasi cha zamani? Sehemu ya mwajiri inakuwa yako kabisa baada ya muda gani, hata ukiacha kazi? Siamui kwa niaba yako, ila hili mimi ningelitazama kabla ya mengine yote.

Sasa malimbikizo. Yakiingia yote kwenye mkopo, juu ya ile robo, mtamaliza kama miezi 11 mapema zaidi. Karatasi yako ya kabatini itapendeza sana mwezi huo. Hatari yake ni kwamba kesho yake mtaamka mikono mitupu kama leo, na pigo lolote litawapeleka kwenye mikopo midogo ya haraka ambayo riba yake huizidi mbali ile ya nyumba.

Yakienda yote kwenye akiba, mtakuwa na marejesho 5 pembeni. Washauri wengi wa fedha husema kaya iwe na akiba ya gharama za msingi za miezi 3 hadi 6, na ninyi wenye kipato kisichotabirika ndani ya nyumba mngeelekea upande wa juu. Marejesho 5 hayatoshi gharama zote za miezi 5, maana mtakula na kuvaa pia, lakini ni mwanzo mzito. Gharama yake ni kwamba akiba haitazaa asilimia 12. Tofauti hiyo mtakuwa mnailipia utulivu, kila mwaka, na ni haki yenu kujiuliza utulivu huo una thamani gani kwenu. Mtu anayelala usiku kucha anaweza kuiona tofauti hiyo kuwa ghali. Wewe hulali.

Kugawa nako kunawezekana, akiba kiasi, jino, mkopo, mapumziko madogo. Naipenda njia hii lakini ina udhaifu ninaoufahamu vizuri: pesa iliyogawanywa bila kuandikwa huyeyuka, na baada ya miezi michache hakuna anayekumbuka ilikwenda wapi. Mkiichagua, kubalianeni viwango kabla haijaingia, na ya akiba iwe kwenye akaunti ya peke yake isiyo na kadi. Mume wako naye anaweza kuahidi sehemu fulani ya kila malipo anayopokea iingie humo, ndogo tu, lakini ya kudumu. Hapo miezi yake mizuri itaanza kubeba miezi yake mibaya, na wewe utaacha kuwa nguzo pekee.

Kabla ya kuamua lolote, nenda benki na maswali haya. Je, ile nyongeza inapunguza deni lenyewe, au inahifadhiwa kama malipo ya awali ya miezi ijayo? Baadhi ya wakopeshaji huiweka kama malipo ya awali mpaka mteja aandike barua kuelekeza vinginevyo, na hapo riba haipungui kama unavyodhani. Uliza ikiwa kuna ada ya kumaliza mkopo mapema na inapigwaje. Uliza kama nyongeza inafupisha muda au inapunguza rejesho la mwezi, na kama una hiari ya kuchagua. Uliza ikiwa mkataba unaruhusu kusogeza marejesho unapopata dharura. Kisha soma bima ya mkopo, kama mnayo. Nyingi hulipa deni mkopaji akifariki, baadhi hata akipata ulemavu wa kudumu, lakini kupoteza kazi mara nyingi hakumo. Majibu yote yawe kwenye karatasi.

Jino sitalijadili kwa mizani. Jino lililopasuka huruhusu bakteria kupenya hadi ndani kwenye neva, na lililokuwa la kuzibwa huishia kutibiwa mzizi au kung'olewa, kwa gharama kubwa zaidi na maumivu juu yake. Nenda wiki hii, mwanangu.

Kuhusu mwili wako wote, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kadiri, kutembea kwa haraka kunatosha. Ulikuwa unazipata jioni na wenzako, bila kulipa kitu. Kilichozichukua ni zile hesabu za watu. Kaa utazame kila biashara inakuletea kiasi gani na inachukua saa ngapi. Pengine mojawapo inalipa vizuri na nyingine inakula Jumapili yako kwa bei ndogo. Kuhusu saa tisa usiku, jaribuni kuweka jioni moja ya wiki ya kuzungumza hesabu, wewe na mume wako, daftari likiwa wazi. Hesabu iliyopewa siku yake hupunguza kuja usiku. Ukiona usingizi bado unakatika wiki baada ya wiki, mweleze daktari, na usimwambie tu kwamba umechoka. Mwambie kuhusu kikokotoo.

Mwaka 2015 taasisi ya serikali ya Marekani inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ilijaribu kueleza hali njema ya kifedha ni nini, baada ya kuwahoji watu wa kawaida na wataalamu. Ilipata mambo manne: kuzitawala pesa zako za siku hadi siku na mwezi hadi mwezi, kuweza kuhimili pigo la ghafla, kuwa njiani kuyafikia malengo yako, na kuwa na uhuru wa kuchagua mambo yanayokupa furaha maishani. Karatasi yako ya kabatini inapima moja tu kati ya hayo manne, na katika hilo unafanya vizuri sana. Unaweza kubandika safu ya pili kando yake, ya akiba, ikikua mwezi kwa mwezi. Nimewaona watu wa tabia yako, wanaopenda kukata alama, wakitulia wanapopata kitu kinachopanda pamoja na kile kinachoshuka.

Mume wako. Lile neno la "deni si lako" litabaki katikati yenu mpaka uliondoe wewe uliyelisema. Jina kwenye mkataba ni lako, lakini aliyeishi miaka hii 6 akijua kwamba mwezi wake mbaya unaubeba wewe, huenda ana aibu yake ambayo hajaitamka. Muulize miezi ile wateja wasipolipa huwa anawaza nini. Na wewe mwambie habari ya mama na shuka la sufuria, kwa utulivu, siku isiyo ya ugomvi. Haujaniambia kama anaifahamu. Kama haifahamu, amekuwa akibishana na kivuli ambacho hakioni, na kila anapotaja mapumziko, wewe unasikia hatua za mwenye nyumba. Usiende kwenye mazungumzo hayo na jibu mfukoni. Anaweza akawa na wazo ambalo mimi na wewe hatujalifikiria.

Nimepiga hesabu moja ambayo haiko kwenye barua yako. Ukishikilia robo, mkopo utakwisha binti yako akiwa na takriban miaka 22. Ukishuka hadi sehemu ya kumi, atakuwa na 24. Ukibaki na rejesho la kawaida, 27. Kwa njia zote tatu, utoto wake wote uliobaki utaishia ndani ya mkopo. Hakuna kasi ya kulipa inayobadilisha hilo, na sijui wewe litakusukuma upande gani. Labda utaona kwamba kwa kuwa yeye tayari ana paa, haraka inaweza kupungua. Labda utasema unataka akifika 22 umeshapumua ili umsaidie kuanza maisha. Zote ni sababu za mama anayejali. Ila mtafute kabla ya tarehe ya safari kupita umuulize bei yake. Hata kama jibu litabaki hapana, atajua kwamba mara hii ulisikiliza kwanza.

Niandikie ukishapata majibu ya benki, hasa lile la nyongeza. Ikiwa miezi hii yote wameiweka kama malipo ya awali, tarakimu nilizokupa hapa zitabadilika, na itabidi tuzipige upya pamoja.

Shangazi yako